Mjukuu Wangu, Faida Ina Tarehe

Mjukuu wangu, keti karibu nami unisikilize. Nimewasikia wewe na wenzako mkizungumza kuhusu mahali pa kuweka pesa. Huyu anasema atapata faida ya asilimia ishirini, yule thelathini, mwingine anasema zake zitarudi mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyetaja muda. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka.

Mimi ni mzee wa milima hii ya Meru na Embu. Nimewaona watu wa Igembe na Tigania wakijenga nyumba za mawe kwa miraa, wa Imenti wakisomesha watoto kwa chai na kahawa, wa Runyenjes wakinunua magari kwa makadamia, wa Mbeere wakiinuka kwa muguka, aina ya miraa. Tena nimeyaona mashamba ya baadhi yao yakinadiwa mchana kweupe, watoto wao wamesimama kando ya njia wakitazama.

Waliosimama na walioanguka walilima udongo mmoja na kunyeshewa mvua moja. Wengi walioanguka hawakuwa wavivu. Waliangushwa na hesabu ndogo ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza, lakini mtu mzima huona haya kuifanya mbele ya anayemuuzia. Nakusihi, usione haya. Haya ya dakika tano ni nafuu kuliko haya ya mnada.

Hesabu yenyewe ina maswali matatu. Ni kiasi gani kimetoka mkononi mwako? Ni kiasi gani kimerudi mkononi mwako? Na kimechukua muda gani kurudi? Toa kilichotoka kwenye kilichorudi, gawanya kwa kilichotoka, zidisha kwa mia. Hiyo ndiyo asilimia. Kisha uliza: ya mwezi, ya mwaka, au ya miaka mitano?

Tuseme umetoa shilingi 100,000, zikarudi 130,000. Umepata 30,000, yaani asilimia 30. Zikirudi baada ya mwaka mmoja, umefanya vizuri mno. Zikirudi baada ya miaka mitano, ni kama asilimia 5.4 kwa mwaka, kwa kuwa faida ya kila mwaka nayo huhesabiwa kuwa inazaa. Kuna miaka ambayo bei ya unga imepanda kuliko hapo. Mwenye kukuuzia atakuambia asilimia 30 katika hali zote mbili, na hatakuwa amesema uongo kwa mdomo. Uongo uko katika alichonyamazia.

Kwa hiyo nakupa methali, na ni yangu mwenyewe: faida isiyo na tarehe ni deni linalokungoja. Ikariri unapopanda matatu. Ikariri wakala anapofungua faili yake yenye picha za rangi.

Iko pia hesabu ya kichwani ambayo nataka uibebe popote uendako. Chukua 72, gawanya kwa asilimia ya mwaka, utapata takriban idadi ya miaka ambayo pesa itachukua kuwa maradufu. Asilimia 6 kwa mwaka ni miaka 12. Asilimia 12 ni miaka 6. Sasa mtu akikuambia pesa yako itakuwa maradufu kwa mwezi mmoja, usimuulize ataiwekaje. Fuata maneno yake mpaka mwisho wake.

Laki moja ikiwa maradufu kila mwezi, mwezi wa pili ni laki nne, wa tatu ni laki nane. Ikimaliza mwaka itakuwa shilingi 409,600,000. Mtu mwenye siri kama hiyo angekuja kuomba laki yako moja pale Makutano? Angekuwa na haja gani nawe?

Hata anayesema asilimia 20 kwa mwezi, sauti yake ikiwa ya upole, mpigie hesabu. Laki moja kwa mwaka inapita laki nane na nusu. Kwa miaka mitatu inafika karibu milioni 71. Hakuna shamba, duka wala kiwanda kati ya Maua na Siakago kinachozaa hivyo mwaka baada ya mwaka. Pesa hiyo inatoka kwa atakayeingia baada yako. Siku atakapokosekana wa kuingia, imekwisha.

Mambo haya yalitokea hapa nchini, mjukuu wangu. Mnamo 2006 na 2007 michezo ya upatu ilienea Kenya nzima, mmojawapo ukijulikana kama DECI. Watu walialikana makanisani, katika vyama vya akina mama, katika vyumba vya walimu. Wa kwanza walilipwa, wakashuhudia kwa furaha ya kweli, na ushuhuda wao ukawaingiza ndugu zao. Kisha milango ikafungwa.

Serikali iliunda jopo la kuchunguza, likiongozwa na Francis Nyenze. Lilikuta zaidi ya watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Hao walikuwa na akili timamu. Walikuwamo waliosoma kuliko mimi. Walikosa kalamu na dakika tano tu.

Na hasara haikukoma kwenye pesa. Aliyemwingiza dada yake hakuweza tena kula kwake Krismasi. Aliyechukua karo ya mtoto alimrudisha mtoto nyumbani. Waliokuwa wakiombeana kwa majina waliacha kusalimiana. Pesa inaweza kutafutwa tena, mwanangu. Udugu uliovunjika kwa upatu sijauona ukirudi kama ulivyokuwa.

Halafu kukaja kware. Mnamo 2013 na 2014 kila kijiji kilikuwa na mtu wa kware. Yai dogo kuliko kidole gumba lilitajwa kuuzwa hadi shilingi 100, likisifiwa kutibu magonjwa chungu nzima. Watu walijenga vibanda, wakanunua mashine za kuangulia, wakatafuta leseni ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Wengine waliuza ng'ombe wa maziwa wakanunua ndege.

Waliofanya hesabu waliuliza swali moja: nani anakula mayai haya? Wengi waliokuwa wakinunua walikuwa wafugaji wapya, wakinunua ili nao wafuge. Mlaji hakuwapo wa kutosha. Wafugaji wapya walipokwisha, bei ilikwisha nayo, vibanda vikabaki vitupu. Kumbuka neno hili: bidhaa isiyo na mlaji humla mfugaji.

Sasa nataka nikupeleke kwenye hesabu inayotudanganya sisi wenyewe, bila tapeli yeyote. Tapeli wa mbali utamkimbia. Tapeli aliye katika kichwa chako unalala naye.

Chukua ng'ombe wa maziwa, maana wengi wenu mnataka kuanza hapo, na ni jambo jema. Tuseme umemnunua kwa shilingi 150,000. Anatoa lita 10 kwa siku, unauza kila lita kwa 45. Ni shilingi 450 kwa siku. Kwa siku 300 anazokamuliwa ni 135,000. Kijana hupiga meza na kusema: faida ya asilimia 90 kwa mwaka! Kesho yake yuko kwenye foleni ya mkopo.

Ngoja kwanza. Ng'ombe hula siku 365, akamuliwe asikamuliwe. Tuseme chakula ni shilingi 200 kwa siku: hapo zimeondoka 73,000. Dawa, daktari na mbegu ya kumpandishia ni 12,000. Kisha kuna wewe, unayeamka gizani kukata majani. Ungemwajiri mtu angetaka pesa. Jiandikie hata shilingi 100 kwa siku, ni 36,500. Jumlisha vyote ni 121,500. Zimebaki 13,500.

Hiyo ni asilimia 9. Ile asilimia 90 imekuwa 9, na hakuna aliyekuibia. Ndama akipona mwongeze. Ng'ombe akizeeka mpunguze, kwa maana miaka ikipita hatauzwa tena kwa 150,000. Ukimaliza kuandika, ndipo useme kama unataka kufuga. Huenda ukafuga, na mimi nitakubariki. Lakini utakuwa unajua unachokifanya.

Jasho halina risiti, lakini lina bei. Vijana wengi wa hapa wanafanya kazi ya kibarua katika miradi yao wenyewe, wanaita mshahara wao faida, tena mshahara wenyewe ni mdogo kuliko wangelipwa kwa jirani. Nakusihi, jilipe kwenye karatasi kabla hujasema umepata.

Na shamba nalo liandikie kodi. Usiseme ni la babu, ni la bure. Ungelikodisha ungelipwa. Kila kitu unachokitumia kingeweza kufanya kazi nyingine, na thamani ya kazi hiyo nyingine ni sehemu ya gharama yako.

Baada ya kinachotoka, tazama kinachorudi. Usihesabu kilichoandikwa kwenye tangazo. Hesabu kilichofika mkononi.

Kuna hati fupi za serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Kenya, za siku 91, 182 na 364. Ni mahali pa kawaida pa kuweka pesa, na siku hizi mtu hununua kupitia simu. Tuseme umepewa asilimia 14 kwa mwaka kwa laki moja. Riba ni 14,000. Serikali hukata asilimia 15 ya riba hiyo kabla hujaipokea, yaani 2,100. Umebaki na 11,900. Faida yako ni 11.9, si 14.

Tena bado. Bei za vitu hupanda. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6. Mwenye 11.9 mwaka kama huo ameongeza kama shilingi mbili tu kwa kila mia, ukipima kwa sukari na mafuta anayoweza kununua. Oktoba 2024 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi 2.7. Mwenye 11.9 hapo amepata karibu shilingi tisa halisi. Asilimia ni ileile, lakini maisha aliyoyanunua ni tofauti.

Nakuambia haya ili uwe na kipimo. Mtu akikuletea mradi, ulinganishe na pale ambapo pesa yako ingekaa bila wewe kuvuja jasho. Mradi wenye mvua, wadudu, wezi na madalali ukikupa asilimia 9, na hati ya serikali inakupa 11, kwa nini ujitese? Na mradi ukiahidi asilimia 60, jiulize ni hatari gani inayolipiwa na zile 49 za ziada. Hatari hiyo ipo. Kama huioni, ni wewe usiyeiona.

Sasa sikiliza kuhusu bei, maana hapa ndipo watu wa Meru na Embu tumelia zaidi.

Wazee wetu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kahawa ilitusomesha. Julai 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazili, na mwaka 1976 na 1977 bei ikapanda jinsi hatujawahi kuona. Kuna waliodhani dunia imebadilika milele. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyogawa soko la kahawa yakavunjika, na bei ikaporomoka. Aliyekuwa amepanga maisha yake kwa bei ya 1977 aliyapangua akiwa na mvi.

Miraa nayo. Uholanzi iliipiga marufuku mwanzoni mwa 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Machi 2020 soko la Somalia likafungwa, likafunguliwa tena Julai 2022. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya mti kuchipua bila mnunuzi wake mkubwa. Mei 2024 kaunti za Pwani, Mombasa ikitangulia, zikapiga marufuku muguka, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda. Mti haukufanya kosa lolote. Mkulima hakufanya kosa lolote. Lakini mkopo haukujua hayo. Mkopo uliendelea kuhesabu siku.

Na makadamia. Ilikuwa imepita shilingi 100 kwa kilo, vijana wakang'oa kahawa ili waipande. Mwaka 2023 wengi waliuza kwa shilingi 30 na chini ya hapo, na wengine wakaanza kuutazama mti kwa jicho la shoka. Mti wa makadamia hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aliyeupanda wakati wa bei ya juu alikuwa anahesabu faida kwa bei ambayo hangeuzia.

Mwenye kuhesabu kwa bei ya jana hulipa kwa bei ya kesho. Nakusihi, ukipiga hesabu ya mazao, ipige mara tatu. Kwanza kwa bei ya leo. Kisha kwa nusu ya bei ya leo. Kisha kwa mwaka mmoja usiouza kabisa. Ukiona mara ya tatu hati ya shamba imeondoka, usiingie. Usiniambie haitatokea. Imetokea mbele ya macho yangu.

Yupo pia atakayekuchezea kwa wastani. Atasema, "Mradi wetu umezaa wastani wa asilimia 25 kwa mwaka." Mwombe akuonyeshe kila mwaka peke yake. Laki moja mwaka wa kwanza ikiongezeka kwa asilimia mia, inakuwa laki mbili. Mwaka wa pili ikishuka kwa asilimia hamsini, inarudi laki moja. Chukua mia, toa hamsini, gawanya kwa mbili: wastani ni 25. Lakini mkononi una ileile laki moja uliyoanza nayo. Miaka miwili imekwenda, faida ni sufuri.

Ukipoteza nusu, faida ya asilimia hamsini haikurudishi ulipokuwa. Unahitaji asilimia mia. Ndiyo maana nasema kulinda ulicho nacho ni kazi kubwa kuliko kukikuza. Aliyepoteza nusu lazima aanze kwa kukimbia mara mbili.

Tazama na hisa. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Nchi nzima ilipanga foleni, na wengi walikopa. Maombi yalizidi hisa, watu wakapewa sehemu ndogo ya walichoomba na kurudishiwa nyingine, ilhali benki ilikuwa inataka riba ya mkopo wote. Mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyelazimika kuuza hapo ili alipe benki alipoteza karibu nusu, na riba juu yake.

Aliyenunua kwa pesa yake mwenyewe angeweza kungoja. Mwaka 2021 hisa ilipita shilingi 40. Hiyo ni mara nane kwa miaka 13, karibu asilimia 17 kila mwaka, kabla ya kuhesabu gawio. Na aliyeingia kwa hiyo 40 alifika mwanzoni mwa 2024 akaikuta chini ya 15. Kampuni ni moja. Watu watatu wana majibu matatu. Kilichowatenganisha ni tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na pesa ilikuwa ya nani.

Hapo nimefika kwenye jambo linaloninyima usingizi zaidi: deni.

Nimesikia mkikopa kwenye simu ili mwekeze. Mwanangu, mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwishoni mwa 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana ndogo. Zidisha kwa miezi 12, ni asilimia 90 kwa mwaka. Mkopo kama huo unaweza kukuokoa mtoto akiugua usiku. Lakini niambie ni biashara gani utakayoiendesha ikupe zaidi ya 90 kwa mwaka, kila mwaka, ili ulipe mkopo na ubaki na kitu?

Ukikopa kwa asilimia kubwa kuliko unayozalisha, kila siku unayofanya kazi unazidi kuwa maskini. Bidii yako ndiyo inayokumaliza haraka. Hilo ni jambo la kusikitisha kuliko uvivu.

Na pikipiki zile za mkopo. Tuseme bei yake taslimu ni 180,000. Huna, kwa hiyo unatoa 30,000, na 150,000 zilizobaki unazilipa kwa shilingi 450 kila siku kwa miezi 18. Siku 540 ni shilingi 243,000. Umelipa 93,000 juu ya 150,000. Muuzaji akiwa mkweli atasema ni asilimia 62 kwa miezi 18, yaani kama 41 kwa mwaka.

Lakini wewe hukukaa na 150,000 yake kwa miezi yote 18. Kila jioni ulikuwa unamrudishia kidogo. Ukichukua muda wote, ulikuwa na kama nusu yake tu mkononi. Ukipiga hesabu kwa deni linalopungua, riba halisi inapita asilimia 60 kwa mwaka. Sisemi usinunue. Nasema ujue. Huenda barabara ya kwenu inalipa kiasi hicho. Huenda hailipi, na miezi minne kabla ya mwisho pikipiki inachukuliwa ukiwa umelipa sehemu kubwa.

Hati ya shamba ikilala benki, mwenye shamba halali. Hili nawaambia wajukuu zangu wote, na nitawaambia mpaka pumzi iniishe. Shamba alilokuachia babu usiliweke dhamana kwa ajili ya asilimia uliyotajiwa na mtu usiyemjua kwao. Mnada hauna huruma. Nimemwona mama akikusanya vyombo vyake kwenye nyumba aliyoolewa akiwa msichana, kwa sababu mwanawe alisaini karatasi ambayo hakuipigia hesabu.

Utaniuliza, babu, basi niweke wapi? Tuna vyama vya akiba na mikopo, Sacco zetu, zilizojengwa na walimu na wakulima wa milima hii. Ni jambo jema, na wengi wetu tumesimama kwa hizo. Lakini hata huko nenda na kalamu. Hakikisha imeidhinishwa na SASRA, ile mamlaka ya kusimamia Sacco. Gawio la hisa ni kitu kimoja na riba ya akiba ni kitu kingine. Usisikie asilimia 15 ya hisa ukadhani ndiyo ya akiba yako yote. Kama hisa zako ni 20,000 na akiba ni 300,000, kinachokuhusu zaidi ni ile ya akiba.

Na uliza gawio limetoka wapi. Limetoka kwenye riba ya mikopo iliyolipwa, au limetoka kwenye akiba za wanachama wapya? Mwanzoni mwa 2025 ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa Sacco nchini, uliwekwa wazi, ukaonyesha zaidi ya shilingi bilioni 13 zimepotea. Kumbe hesabu zilizosomwa mikutanoni hazikuwa za kweli. Basi nenda kwenye mkutano mkuu. Usiende kwa ajili ya soda na nauli. Nenda usome vitabu, na usipoelewa inua mkono.

Zaidi ya yote, jihadhari msimu wa bonasi. Malipo ya pili ya chai yakifika, kuanzia kiwanda cha Kionyo mpaka cha Mungania, ndipo wageni huingia vijijini na fulana zao na magari yao ya vipaza sauti. Wanajua tarehe ya malipo kuliko unavyoijua wewe. Ploti za nusu ekari mahali ambapo hujawahi kukanyaga, sungura watakaonunuliwa tena kwako, dawa ya kuuza kwa rafiki zako. Na wote wana neno moja: leo ndio mwisho.

Anayekuharakisha kutoa hatakuwapo utakapolia. Mpango mzuri utakuwepo wiki ijayo. Mpango usipokuwepo wiki ijayo, haukuwa wako. Mwambie nitarudi, kisha uende nyumbani ulale. Ukiamka chukua karatasi.

Andika kilichotoka, pamoja na nauli, ada, jasho na kodi ya shamba. Andika kitakachorudi, baada ya kodi ya serikali na mkono wa dalali. Andika tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Pata asilimia ya mwaka mmoja. Iweke kando ya kupanda kwa bei za vitu, kando ya hati ya serikali, kando ya riba ya mkopo wako kama umekopa. Kisha punguza bei nusu uone kama bado umesimama.

Mpe mtu mwingine asome, mtu asiyepata chochote ukikubali na asiyepoteza chochote ukikataa. Mpe mkeo au mumeo asome. Wengi walioanguka walificha mpango wao nyumbani, na waliuficha kwa sababu walijua ungekataliwa.

Mjukuu wangu, sitaki uogope pesa. Kuogopa nako ni hasara, maana shilingi iliyolala chini ya godoro huliwa na bei kila siku. Nataka uweke akiba, upande miti, ununue hisa, ufuge, ufanye biashara, ujenge. Nataka uwe na zaidi ya nilichokuwa nacho mimi. Lakini nataka uwe nacho ukiwa na miaka sitini, si ukiwa na ishirini na mitano tu.

Penye kalamu, tapeli hakai. Nunua daftari leo, la shilingi hamsini. Ukurasa wa kwanza andika mradi ulio nao moyoni sasa hivi, huo uliowasimulia wenzako, na uupigie hesabu zote nilizokuambia. Kisha uniletee. Kabla hujatuma hata shilingi moja, nakusihi, uniletee kwanza nione tarehe.